KIBARUA BILA BARUA



Katika mkutano wetu wa mwisho hapa Lodwar ndugu mmoja alisimama akauliza: "Chama hiki ni cha watu wa mshahara. Kwa nini tunapoteza saa nzima kuzungumza habari za vibarua na akina mama wa chai?" Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, wala sikupata nafasi ya kumjibu, kwa sababu jua lilikuwa limekwisha kutua na ndugu zetu wa Kakuma walikuwa na safari ya kilomita 120 hivi mbele yao. Basi namjibu leo katika gazeti letu, na nawaomba nyote mlisome jibu langu mpaka mwisho kabla ya kuamua.

Nitaanza na jambo nililoliona kwa macho yangu.

Mwaka juzi kijana mmoja alikuwa akifanya kazi ya mjengo mjini Lodwar, kuchanganya simiti na kupandisha mawe. Alifanya kazi hiyo miezi mitano kwa kontrakta mmoja, akilipwa mkononi kila jioni. Siku moja jiwe lilimwangukia mkono wa kulia, likamvunja vidole vitatu. Wenzake walimpakia bodaboda wakampeleka hospitali. Jioni ile nyapara alilipa watu wote isipokuwa yeye, maana hakumaliza siku. Alipokwenda kuomba fedha za dawa, kontrakta alimjibu kwa ufupi: "Mimi sikujui wewe."

Nilikwenda naye kwa afisa wa leba. Afisa akauliza: Una barua ya kazi? Hana. Una kadi? Hana. Ni nani ajuaye kwamba ulifanya kazi pale miezi mitano? Wenzake walijua, lakini kila mmoja alihofia kazi yake ya kesho, hakuna aliyekuja kusema. Tulikuwa karibu kuondoka mikono mitupu. Ndipo kijana akamkumbuka mama mmoja anayeuza chai na mandazi karibu na ule mjengo. Mama yule ana daftari la madeni. Hakusoma sana, lakini ajua kuandika tarehe, jina la mtu, na shilingi. Tulifungua daftari lile juu ya meza ya afisa. Jina la kijana lilikuwamo karibu kila siku ya kazi, wiki baada ya wiki, kwa miezi mitano: chai moja, mandazi mawili, amelipa jioni. Na wenzake aliokuwa akinywa nao chai walikuwamo pia, na nyapara mwenyewe alikuwamo, tena yeye deni lake halijalipwa.

Kontrakta alipoitwa na kuonyeshwa daftari, alibadili maneno. Alilipa gharama za hospitali na fedha kidogo juu yake. Haikuwa haki yote, na vidole havikurudi. Lakini alilipa.

Wiki chache baadaye askari walipita pale wakabeba jiko na birika la yule mama, kwa kosa la kuuza mahali pasipo na ruhusa. Nilirudi tena kuuliza sheria ya kazi yasema nini juu yake. Haisemi neno. Yeye hana mwajiri, kwa hiyo sheria ya kazi haimwoni. Mtu ambaye daftari lake lilimtetea kibarua hakuwa na daftari la kumtetea yeye.

Ndugu, mambo hayo mawili ndiyo habari yangu ya leo. La kwanza ni la mtu mwenye sheria asiyejua kwamba anayo. La pili ni la mtu ambaye sheria yake bado haijaandikwa.

SHERIA YASEMA NINI JUU YA KIBARUA

Wengi wetu twadhani kibarua hana haki yoyote ila malipo ya jioni. Hilo ni kosa, na wako waajiri wanaopenda kosa hili liendelee. Basi tuisome Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 pamoja.

Kifungu cha 8 chasema sheria hii yahusu mapatano ya mdomo kama ihusuvyo mapatano ya maandishi. Kwa hiyo neno la nyapara asubuhi, "Wewe ingia, shika koleo," ni mapatano ya kazi mbele ya sheria.

Kifungu cha 2 chaeleza kibarua ni nani. Ni mtu alipwaye mwisho wa siku, ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Sasa angalieni kifungu cha 37. Kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake yafika mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi 3, basi yeye si kibarua tena. Sheria yamhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, na hawezi kuondolewa bila notisi ya siku 28. Na akifanya kazi mfululizo miezi 2 au zaidi, hustahili masharti yale yale ambayo angepata kama asingeanza kwa ukibarua. Mwajiri aweza kumlipa kila jioni miaka miwili, na kumwita kibarua miaka miwili, lakini jina hilo halibadili sheria.

Kifungu cha 9 chasema kazi ya miezi 3 au zaidi lazima iwe na mapatano ya maandishi, na anayepaswa kuyaandika ni mwajiri. Asiyejua kusoma hupaswa kuelezwa kwa lugha anayoifahamu, Kiturkana au Kiswahili au nyingineyo, kisha atie dole gumba. Na kama mwajiri hakuandika? Kifungu cha 10 chasema kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kutoa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi ni wake. Ndugu, someni maneno hayo mara mbili. Twazoea kudhani kwamba kukosa barua ni hasara ya mfanyakazi peke yake. Sheria yasema uzembe huo ni wa mwajiri, na ajibu yeye.

Tena kuna siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Kuna likizo ya siku 21 za kazi kwa aliyetimiza miezi 12. Kuna siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili na siku 7 kwa nusu, kwa aliyetimiza miezi 2 ya kazi. Mama mwenye mimba ana miezi 3 ya likizo kwa malipo kamili. Na mtu hafukuzwi kwa kosa bila kuelezwa kosa lake na kusikilizwa, akiwa na mwenzake wa kazi au mtu wa chama kando yake.

Juu ya ajali iko Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ni ya mwaka 2007. Mwajiri yawajibika aripoti ajali ndani ya siku 7 tangu kupata habari, na mtu akifa, ndani ya saa 24. Mwajiri ndiye alipaye matibabu. Mfanyakazi naye asilale, kwa sababu madai ya fidia hutolewa ndani ya miezi 12. Madai mengine ya kazi yana miaka 3.

Na msidhani lazima mtu apande basi mpaka kwenye mahakama kubwa ya kazi. Tangu 2018 mahakimu wenye cheo cha juu wamepewa uwezo wa kusikia kesi za kazi za watu ambao malipo yao hayazidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Ni kibarua gani katika Turkana yote alipwaye zaidi ya hapo?

Basi kijana yule wa vidole alikuwa mtu wa mshahara wa mwezi tangu alipotimiza mwezi wake wa kwanza. Kontrakta hakumfanyia hisani. Alimlipa sehemu ndogo ya kile alichokuwa akimdai.

MAANA YA NENO

Neno lenyewe "kibarua" latokana na "barua". Zamani huko pwani mtu wa kazi ya siku alipewa kijikaratasi, barua ndogo, kuonyesha kwamba amefanya kazi na anastahili malipo yake. Karatasi ile ndiyo iliyompa mtu jina. Leo jina limebaki, na karatasi imepotea. Tuna vibarua kwa maelfu wasio na barua hata moja.

Serikali ya kikoloni haikukosa karatasi ilipozitaka. Tangu mwanzo wa miaka ya 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyetakiwa kazini alivaa kipande shingoni ndani ya kikebe cha bati, na ndani yake mwajiri aliandika malipo yake na siku aliyoachishwa. Mtu aliyeondoka bila kuandikiwa alikamatwa. Maandishi yale yaliwekwa ili kumfunga mfanyakazi, na wazee wetu waliyapinga kwa nguvu zao zote. Sasa yametungwa maandishi ya kumlinda mfanyakazi, na waajiri wale wale waliokuwa hodari wa kuandika wamesahau kalamu.

Tena tusisahau Mombasa. Kuli wa bandarini alikuwa kibarua wa siku kama kijana wetu. Leo yuko, kesho hayuko, na njaa yake haikumhusu bwana wa meli. Mwezi wa Januari 1947 maelfu walisimamisha kazi, si bandarini tu bali mji mzima. Kiongozi wa chama chao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka ule ule akahamishwa mbali. Lakini kazi ya bandari haikuweza kubaki vile. Katika miaka ya 1950 makuli waliandikishwa, wakapata chama, wakapata mapatano ya pamoja na uhakika wa malipo. Ndugu anayesema kwamba vibarua hawawezi kuingia katika chama na aniambie basi Chama cha Makuli kilitoka wapi.

Na sisi wa Turkana tuna deni la namna yetu. Makhan Singh na Fred Kubai walianzisha mwaka 1949 Baraza la Vyama vya Wafanyakazi la Afrika ya Mashariki, na serikali ikakataa kuliandikisha. Mwezi wa Mei 1950 Makhan Singh alikamatwa. Alipelekwa wapi? Lokitaung, katika Turkana yetu hii. Alikaa kizuizini sehemu mbalimbali mpaka 1961 bila kuhukumiwa kwa kosa lolote. Baada ya kesi ya Kapenguria ya 1952 na 1953, Kubai alifungwa Lokitaung, na Bildad Kaggia, naye mtu wa vyama vya wafanyakazi, pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao. Kenyatta akaletwa Lodwar mwaka 1959, na nyumba aliyokaa ingali ipo hapa mjini.

Kwa nini waliletwa huku? Kwa sababu wilaya hii ilikuwa imefungwa. Mtu hakuingia wala kutoka bila ruhusa. Serikali ile iliona kwamba ukitaka neno la chama cha wafanyakazi lisisikike, lizike Turkana. Aibu iwe juu yetu ikiwa leo, njia zikiwa wazi, neno hilo bado halijasikika katika mahali lilipozikwa.

HABARI YA KAKUMA

Sasa twende Kakuma. Kambi ilianza mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa 2016. Wakimbizi ni zaidi ya 200,000. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa, lililo chini ya Benki ya Dunia, uliotolewa 2018, ulikuta biashara zaidi ya 2,000 ndani ya kambi, na uchumi wa dola kama milioni 56 kwa mwaka. Basi Kakuma si mahali pa kugawiwa unga tu. Ni mahali pa kazi, na mahali pa kazi pana wafanyakazi, na karibu wote hawana barua.

Kuna wasichana na akina mama wa Kiturkana wanaoingia kambini alfajiri kuchota maji, kufua nguo, kuleta kuni na makaa. Wengi hulipwa kwa kibaba cha unga au mahindi. Sheria ya Ajira, kifungu cha 17, yasema mshahara ulipwe kwa fedha ya Kenya. Kibaba cha unga si mshahara. Lakini ni nani mwajiri hapa? Ni mama mkimbizi ambaye naye unga huo ameugawiwa, na ambaye mwaka 2025 aliona posho yake ikikatwa. Posho ilipopungua kwake, kibaba kilipungua kwa msichana. Mimi siwaambii tumpeleke mama yule mahakamani. Nawaambia tuone jinsi mambo yalivyo: sheria yetu ilitungwa kwa kumfikiria tajiri mmoja na wafanyakazi wake, na hapa mwenye njaa amemwajiri mwenye njaa. Kumwachia afisa wa leba jambo hili peke yake ni kumwonea.

Kisha yuko mkimbizi mwenyewe. Kuna walimu, wakalimani, wahudumu wa afya na walinzi wakimbizi wanaofanya kazi katika mashirika. Malipo yao hayaitwi mshahara. Yanaitwa "motisha", kama zawadi ya kumtia mtu moyo. Mwalimu mkimbizi na mwalimu Mkenya waweza kufundisha darasa lile lile, mmoja asubuhi na mwingine mchana, na malipo ya mmoja yasifike hata nusu ya malipo ya mwenzake. Zamani ilisemwa kwamba sababu ni sheria kutomruhusu mkimbizi kufanya kazi. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya 2021 yampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kufanya kazi ya kujipatia kipato au biashara, peke yake au kwa kikundi, na mwenye elimu inayokubaliwa Kenya aweza kufanya kazi ya fani yake. Na Sheria ya Ajira, kifungu cha 5, yakataza kubagua mtu kwa ajili ya uraia wake, na yataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sharti la vibali lingaliko, na ndilo mlango ambao wengi hukwama. Lakini kibali ni jambo la karatasi za serikali. Jasho la mtu limekwisha kutoka.

Ndugu wa Kiturkana wataniuliza: "Hiyo yatuhusu nini? Hao ni wageni." Nitawajibu kwa swali. Mmewahi kusikia kontrakta akisema, "Ukiona fedha hii ni kidogo, nitakwenda kambini nichukue mtu kwa nusu yake"? Mmesikia, na mimi nimesikia. Na kambini husemwa hivyo hivyo juu yenu. Malipo ya mkimbizi yakiwa chini, ndiyo kamba inayoyavuta malipo yenu chini. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na serikali mwaka 2025, wakusudia kambi na wenyeji wawe mahali pamoja pa kuishi na kufanya kazi. Basi tutakuwa pamoja, tukitaka tusitake. Tuchague kama tutakuwa pamoja kama washindani wa njaa au kama wanachama.

MTU ASIYE NA MWAJIRI

Narudi kwa mama wa chai. Wako wengi kama yeye. Wako vijana wa bodaboda. Wako wachoma makaa, wasusi wa vikapu vya mkoma, wauza samaki wanaotoka Kalokol, wenye punda wa maji, wachimba mchanga wa Kawalase na Turkwel. Takwimu za serikali yenyewe zaonyesha kwamba nje ya kilimo kidogo zaidi ya watu 8 katika kila 10 wanaofanya kazi Kenya wamo katika hii iitwayo sekta isiyo rasmi, yaani jua kali. Hata neno hilo la sekta isiyo rasmi lilienea duniani baada ya Shirika la Kazi Duniani kutoa taarifa juu ya Kenya mwaka 1972. Tumewapa wataalamu jina, na baada ya miaka zaidi ya 50 wenye jina hilo bado hawana sheria.

Angalieni penye kasoro. Katiba ya 2010, ibara ya 41, yasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki katika mambo ya kazi, na kila mfanyakazi ana haki ya kuunda chama cha wafanyakazi na kujiunga nacho. Haikusema "kila mwajiriwa". Ibara ya 43 yampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii. Lakini Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, iliyotungwa kabla ya Katiba, yasema chama cha wafanyakazi ni umoja wa waajiriwa, ambao shabaha yake kubwa ni kusimamia mambo baina ya waajiriwa na waajiri. Kwa maneno hayo mama wa chai yuko nje, na kijana mwenye pikipiki yake yuko nje. Wao waweza kuunda kikundi, au ushirika, au sako, na vitu hivyo ni vizuri. Lakini kikundi hakina nguvu ya kisheria ya kumketisha mtu mezani na kufanya naye mapatano.

Wengine wamekwisha kulivuka jambo hili. Huko India, katika mji wa Ahmedabad, mwaka 1972 akina mama wachuuzi, wachukuzi na washonaji wakiongozwa na Ela Bhatt waliomba kuandikishwa kama chama cha wafanyakazi. Jina lake ni Self Employed Women's Association. Ofisi ya kazi kwanza iliwakatalia: hamna mwajiri, mtapigana na nani? Walijibu kwamba chama si lazima kiwe cha kupigana na mwajiri. Chama ni umoja wa wafanyakazi. Wakaandikishwa mwaka ule ule. Karibu nasi, huko Uganda, chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, Amalgamated Transport and General Workers Union, kilikuwa kimepungukiwa sana na wanachama. Kilifungua mlango kwa vyama vya madereva wa teksi na bodaboda, nacho kikakua upya. Na Shirika la Kazi Duniani lenyewe lilipitisha Pendekezo Namba 204 mwaka 2015, likisema watu wa kazi zisizo rasmi wawe na haki ya kujiunga na kusikilizwa.

MASHAKA YA NDUGU YETU

Ndugu yule wa mkutanoni si mjinga, na mashaka yake yastahili jibu.

Kwanza alisema vibarua hawawezi kulipa ada ya mwezi. Ni kweli. Lakini waweza kulipa ya siku. Mama wa chai huweka shilingi katika chama chake cha akina mama kila wiki bila kukosa. Hazina ya NSSF ina mpango wake wa Haba Haba, ambao mtu huweka hata shilingi 25 kwa siku. Bima ya afya ya SHA, iliyoanza Oktoba 2024, yamtaka kila mtu alipe, na kima chake hakipungui shilingi 300 kwa mwezi. Watu hawa wanalipa, au wanadaiwa walipe, kila mahali isipokuwa katika chama kinachoweza kuwasemea.

Pili alisema waajiri watapunguza kazi wakilazimishwa kuandika barua. Maneno haya ni ya zamani. Yalisemwa Mombasa, na bandari haikuhama. Mjengo wa Lodwar utajengwa Lodwar, na mawe yake yatapandishwa na mtu. Nakubali kwamba mwenye duka dogo hawezi kubeba mzigo wa kampuni kubwa. Kwa yeye tuanze na kitu kidogo: tarehe, jina na malipo katika daftari. Kama mama wa chai aliweza, mwenye duka aweza.

Tatu alisema, "Sisi tuna mshahara, tujitunze wenyewe kwanza." Hapo ndipo ninapomkatalia kabisa. Mwaka 2025 misaada ya nje ilipokatwa, watu wengi wa mashirika walipoteza kazi. Walikuwa na barua, na mishahara ya mwezi. Baadhi yao tunawaona leo wakingoja abiria kwenye stendi za bodaboda. Siku walipovua kitambulisho cha kazi, walitoka katika sheria na wakatoka katika chama siku ile ile. Hatukuwatetea wakiwa stendi, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kusema kwamba stendi si mahali petu. Ndugu yangu, baina yako na yule mama pana barua moja tu, na barua hiyo ina tarehe ya mwisho.

TUFANYE NINI

Sitaki kumaliza kwa malalamiko. Naleta mbele yenu mambo matano, na naomba yawekwe katika ajenda ya mkutano ujao yapigiwe kura.

(a) Kila kibarua awe na daftari lake. Aandike tarehe, mahali, kazi, jina la nyapara, na malipo. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwenzake. Malipo ya simu yasifutwe, kwa sababu ujumbe wa malipo ni ushahidi. Chama kinunue daftari hizo na kuzigawa.

(b) Chama kiwe na watu wawili, mmoja Lodwar na mmoja Kakuma, wanaofahamu sheria hizi, wa kwenda na mfanyakazi kwa afisa wa leba na mahakamani. Kijana wa vidole alihitaji mtu wa kwenda naye tu. Peke yake angerudi nyumbani.

(c) Tuiombe serikali afisa wa leba awe na siku zinazojulikana za kukaa Kakuma na Kalobeyei, pamoja na mkalimani. Sheria ya kusafiria kilomita 120 ni sheria ya mwenye nauli.

(d) Tufungue kitabu cha pili cha wanachama, kwa watu wasio na mwajiri na kwa wakimbizi, kwa ada ndogo ya wiki. Wapewe haki ya kusema mkutanoni tangu sasa. Tuwasaidie kuonana na kaunti juu ya mahali pa kuuzia, leseni, na mali zinazobebwa, ili jiko likichukuliwa liandikiwe risiti na mwenyewe asikilizwe.

(e) Tupeleke neno kwa wakubwa wetu wa COTU na kwa wabunge wa Turkana, kwamba Sheria ya Mahusiano ya Kazi irekebishwe, na mahali iliposema "waajiriwa" iseme "wafanyakazi", kama Katiba ilivyosema.

Najua jambo la nne litaleta ubishi. Na lilete. Afadhali tubishane mkutanoni kuliko kunyamaza na kuachana.

Yule mama amerudi mahali pake. Alinunua jiko jingine kwa mkopo wa chama cha akina mama, na bado analilipa. Kijana wa vidole hawezi tena kupandisha mawe; humsaidia kuchota maji asubuhi, na mama humlipa kidogo. Nilipopita pale juma lililopita nilimkuta mama akiandika. Nilimuuliza kama jina la kijana bado liko upande wa madeni. Akasema hapana, amemfungulia ukurasa wake: tarehe, kazi, na malipo.

Basi katika mji wa Lodwar yuko mwajiri mmoja, asiye na leseni wala duka, anayetimiza sheria. Tumuige, kisha tumwandike katika kitabu chetu.

Umoja ni nguvu.